Ramani Iliyotuhamisha Machakos

Mwanangu Zuhura,

Salamu utazipata jioni tukikaa kula, kwa hiyo hapa sizimwagi. Nakuandikia nikiwa dukani, mlango nimeurudisha nusu ili watu wadhani nimekwenda kuswali Alasiri, ambayo kwa kweli nimeshaiswali. Nyumbani hakukaliki. Mama yako na shangazi zako wamelizingira sanduku lako tangu asubuhi, kila mmoja anatia lake na kutoa la mwenzake. Nimeona mfuko wa unga wa wimbi ukiingia, ukatoka, ukaingia tena chini ya viatu. Mambo ya kuvaa sweta, kushika swala na kutokula nyama usiyoijua watakuambia wao, wamejiandaa vya kutosha. Mimi yangu ni mengine, na kwa kuwa nikiyasema kwa mdomo huwa yanageuka ugomvi, nimeamua kuyaandika.

La kwanza ni kwamba watu wengi hawana akili. Hilo umelisikia kwangu tangu hujajua kukaa, na sioni sababu ya kulibadilisha leo kwa sababu tu unasafiri. Lakini kuna ujinga wa namna moja unaonikera kuliko wote. Ni ule wa mtu aliyekaa mbali, akatazama ramani, kisha akamwambia mtu aliyesimama mahali pake kwamba hayupo pale. Kesho unapanda ndege kwenda Dublin kufanya kazi kwa watu wa aina hiyo. Kazi yako, kama ulivyonieleza polepole ukidhani nimezeeka, ni kuamua kwamba mtu akifungua video kwenye simu yake, aelekezwe kwenye mtambo upi ulio karibu naye. Niliitikia kwa kichwa nikakuacha uendelee, maana ulikuwa na furaha. Lakini kazi hiyo naijua. Mimi nimeishi upande wake wa pili, upande wa wanaoelekezwa, na upande huo hakuna kiti cha kuzunguka.

Utakumbuka ule muda ulipomaliza Fomu Foo ukawa unangoja kampasi. Nilikuwa nimeshaachana na saiba, ile biashara ya kukodisha kompyuta, maana kila mtu alikuwa na simu yake na hakuna aliyetaka tena kukaa kwenye viti vyangu vilivyochanika. Nikawa nanunua intaneti kwa jumla kutoka kampuni moja ya Nairobi, naisambaza kwa nguzo na nyaya huku mjini, nikafika Mumbuni, halafu nikajivuta hadi Kyumbi. Watu walinicheka. Ami yako Twaha alisema hiyo ni kazi ya kupanda nguzo, si biashara. Yeye Twaha, kama unavyojua, hupokea simu akiwa ameweka mkono mfukoni hata akiwa peke yake chumbani.

Basi ikaja ile miezi ambayo Mumbuni yote ilininunia. Ujumbe wa kawaida ulikuwa unakwenda, lakini video zilikuwa zinazunguka, zinazunguka, mpaka mtu anaweka simu chini na kwenda kukoka moto. Wa kwanza kuja alikuwa Mwalimu Kioko, yule mstaafu mwenye nyumba ya geti la kijani. Alisimama hapa mlangoni na kofia yake mkononi akasema, "Bwana Athumani, hii intaneti yako iko na shida. Halafu imeanza kuniongelesha lugha sijui ya wapi. Kila nikifungua kitu, naonyeshwa makoti ya theluji."

Nikamwambia, "Mwalimu, simu yako umeinunua kwa bei ya mandazi. Unataka ikuongeleshe Kiingereza cha Malkia?"

Watu waliokuwa dukani wakacheka. Mwalimu naye akacheka kidogo, akavaa kofia yake, akaenda. Mimi nikajiona mjanja. Siku zile nilikuwa nawajibu wateja wote hivyo, na wao wakazoea kuja wawili wawili ili kicheko kisimwangukie mmoja.

Huko Nairobi nako, kwenye ile kampuni iliyoniuzia, kulikuwa na fundi mmoja mwenye sauti ya mtu anayepiga miayo. Kila nikipiga simu alikuwa na dawa moja. "Mzee, zima rauta, ungoje kidogo, halafu uwashe." Nilizima, nikangoja, nikawasha. Nilizima za wateja, nikapanda nguzo nikazima za juu. Nikimwambia bado, ananiuliza, "Uko sure ulingoja?" Mtu huyo alikuwa na shahada, na nadhani imempandisha cheo sasa. Sijapata kukutana na mtu aliyejua kitu kimoja akakitumia kwa kila kitu bila haya kama yule.

Aliyegundua ni wewe. Ulikuwa umekaa pale kwenye kreti, unatafuna njugu, unachezea simu yangu. Ukasema, bila hata kuinua macho, "Baba, hawa wanadhani tuko Polandi."

Nilicheka mpaka kinyozi wa jirani akaja kuchungulia. Nikakuuliza, mbele yake, "Na wewe unadhani uko wapi? Au njugu zimekupanda kichwani?" Nikamweleza kinyozi, naye akacheka, ingawa yeye hajui hata Polandi ni nchi au ni sabuni. Hukunijibu. Siku zote umekuwa mtoto wa kutojibu, na mimi nilidhani hiyo ni adabu.

Ukaendelea na mambo yako. Ukatuma hodi kwenye mtambo wa Nairobi, vile vihodi vidogo tunavyotuma kuona kama mtambo upo na unachukua muda gani kuitika. Mtambo ukaitika kabla sijapepesa macho. Kisha ukatuma kwenye ule mtambo ambao simu za Mumbuni zilikuwa zinaelekezwa, na huo ukajikokota kuitika kama karani aliyeamshwa. Ukanigeuzia simu nione. Hapo nikaacha kucheka.

Ujinga wenyewe ulikuwa hivi, na nauandika wote kwa sababu kesho utakuwa unalipwa kuuzuia. Video inayopendwa haikai mahali pamoja. Nakala zake zimewekwa kwenye mitambo mingi duniani, na mmoja uko Nairobi, hapo tu, mwendo wa kwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Mtu wa Mumbuni akifungua video, simu yake inauliza kwanza: niifuate wapi? Anayeulizwa hatazami uso wa mtu. Anatazama anwani ya intaneti iliyoleta swali, anaangalia kwenye ramani yake anwani hiyo ni ya wapi, anamwelekeza kwenye nakala ya jirani. Jambo zuri kabisa. Ila ile kampuni ya Nairobi ilikuwa imeishiwa na anwani, ikanunua za mitumba kutoka kwa kampuni moja ya Polandi iliyokuwa haizitaki tena, ikatugawia sisi wa Machakos bila kumwambia mtu yeyote. Ramani haikuambiwa. Kwa ramani, Mwalimu Kioko wa geti la kijani alikuwa Mpolandi, anahitaji koti, na nakala iliyo karibu naye ni ya Ulaya. Kwa hiyo kila alipotaka kutazama mahubiri ya Jumapili, mahubiri yalivuka bahari kwa waya, yakapanda kutoka Mombasa, yakapita Nairobi, yakaipita ile nakala iliyokaa pale bila kazi, ndipo yakamfikia Mumbuni yakiwa hoi.

Nikawapigia wenye ramani. Wewe ulikuwepo, ulikuwa unanishikia chaja. Nilipitishwa kwa mmoja, kwa mwingine, nikachezewa muziki, mpaka nikampata kijana mmoja mstaarabu sana.

"Sir, sistimu inaonyesha mko Polandi," akasema.

"Mimi niko Machakos, bwana. Nimesimama mlangoni. Naona watu wanatoka sokoni na sukuma wiki."

"Naelewa, sir. Lakini kwa sistimu mko Polandi."

"Kwa hivyo mimi ni Mpolandi?"

"Kwa sistimu, yes. Kuna ingine ningekusaidia nayo?"

Zuhura, mimi nimetukanwa na watu wengi, wengine kwa haki. Lakini sijawahi kutukanwa kwa upole namna ile. Mtu ananiambia siko niliposimama, halafu ananiuliza kama kuna lingine. Nilimjibu maneno ambayo mama yako alinikataza kuyarudia, nikakata simu, nikampigia kila mtu. Siku moja, bila taarifa, bila samahani, mtu fulani mahali fulani akabadilisha mstari mmoja kwenye ramani. Asubuhi yake video zikafunguka Mumbuni yote, na makoti ya theluji yakatoweka. Mwalimu Kioko alikuja na ndizi akanishukuru. Nikazipokea ndizi. Sikumwambia ni nani aliyegundua, na wewe ulikuwa umekaa pale pale kwenye kreti.

Siku ile nilikuuliza, kwa sauti ya chini ili kinyozi asisikie, mtu akiwa na mashaka na ramani afanye nini. Ukaniambia kama mtu anayeeleza namna ya kufunga kamba za viatu: "Usiangalie ramani, Baba. Piga hodi, uone nani anaitika upesi."

Nililichukua neno hilo kama la kazi. Nimefanya nalo kazi mpaka leo, na limenilisha. Upumbavu wangu ni kwamba sikulitumia penye watu.

Maana tazama nilivyofanya ulipokwenda kampasi Nairobi. Nilikupeleka mwenyewe, nikakukalisha kitandani kwako, nikakuambia ukipata shida yoyote ami yako Twaha yuko South B, ni karibu, ndugu yangu wa tumbo moja. Nilikuandikia namba yake mahali pawili. Nilikuwa nimetazama ramani ya damu na ramani ya jiji, zote mbili zikasema Twaha. Kama kweli ningempigia hodi Twaha hata mara moja kabla ya siku ile nikahesabu muda anaochukua kuitika, ningejua kwamba yule yuko mbali kuliko Polandi.

Ukaugua. Kidole tumbo, nacho hakingoji mikutano ya mtu. Ukampigia Twaha kama ulivyoagizwa. Alisema yuko kwenye kikao, atatuma mtu. Mtu huyo hadi leo hajafika, nadhani bado anatafuta South B. Kisha, kwa jinsi nilivyoelezwa, ukanipigia mimi ukanikosa. "Ulikuwa mteja, Baba," yule mteja wa simu asiyepatikana, ndivyo ulivyoniambia nilipofika hospitali ukiwa umeshapasuliwa, na midomo yako imekauka. Aliyekuwa kando ya kitanda ni mama yako mdogo Kamene. Alikuwa ameacha parachichi zake pale njia panda ya Kyumbi kwa jirani wa kuuza mahindi, akajifunga leso, akaja, akakubeba, akasaini, akakaa. Bado alikuwa na vumbi la barabara miguuni.

Nilichofanya mimi baadaye ni kwenda kugombana na watu wa simu. Nilimfokea msichana wa watu dukani kwao mbele ya foleni nzima, nikamwambia mitambo yao ni makopo, mwanangu alikuwa anakufa na mimi nikawa sipatikani. Yule msichana aliniomba radhi kwa kosa asilolijua. Kwa Twaha sikusema kitu. Mwaka juzi akahamia Manchester, na ulipopata hii kazi ya Dublin nikasema kwa sauti kubwa kwenye kila meza, "Alhamdulillahi, Twaha yuko hapo hapo, ni kuvuka maji tu." Watu wakaitikia, hakuna hata mmoja aliyecheka. Mimi mwenyewe, mtu wa kudharau ramani, nikaitandaza tena ile ile ramani mbovu.

Umenipigia simu sasa hivi, nikiwa nimefika hapa kwenye barua. Nimeona jina lako nikasema, "Sasa umepoteza nini tena?" Ukasema, "Hakuna, Baba. Basi tu." Ukakata. Nimekaa naitazama simu. Zamani ningesema watoto wa siku hizi wanapoteza muda wa watu kwa kupiga simu kusema hakuna. Leo siwezi kulisema hilo vizuri, na sababu yake ndiyo iliyonifanya nikuandikie barua hii.

Ni kwa ajili ya Alhamisi, kule Ekalakala.

Tulipokwenda kukuaga kwa susu yako, mama mzazi wa mama yako, nilikuwa na hamu ya kurudi mapema kabla jua halijakaza. Unajua nisivyopenda zile hotuba. Kila mjomba alisimama na ushauri wake, mtu ambaye hajavuka hata Masinga anakueleza namna ya kuishi na Wazungu. Nilikuwa nawahesabia makosa kimoyomoyo na kutabasamu. Kisha susu akakuita, akakutemea mate kidogo kifuani ya kukubariki, ukainama. Hilo sikulicheka. Nilitoka nje nikasimama karibu na ghala la mahindi nikijifanya natazama magurudumu ya gari.

Kamene akanifuata. Alikuwa ameshika sahani ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, iliyofunikwa, anataka nikupelekee njiani. Tukazungumza, nikamshukuru tena kwa ile siku ya hospitali, nikaanza wimbo wangu wa watu wa simu na makopo yao. Kamene akanitazama. Unamjua, hana maneno ya kuzunguka.

"Shemeji, wewe hukuwa mteja," akasema.

"Vipi?"

"Hakukupigia. Alinipigia mimi. Nikamuuliza, aiya, mbona hujapigia baba yako, si yeye ako na gari? Akaniambia, 'Baba atauliza kwanza nimekula nini huko. Halafu atanicheka. Halafu ndio atakuja.' Akasema hiyo katikati ni refu na tumbo inauma."

Nikamwambia Kamene anaongeza chumvi. Akasema, "Sawa, shemeji," akanipa sahani, akarudi jikoni. Njia nzima mpaka mjini ulikuwa umelala kiti cha nyuma, mama yako anasinzia, na mimi naendesha nikiyarudia yale maneno. Hiyo katikati ni refu.

Mwanangu, ningeweza kukataa. Nimejaribu tangu Alhamisi. Nimesema ulikuwa na homa, mtu mwenye homa hajui asemalo. Nimesema Kamene alikuwa karibu zaidi na barabara kuu. Ni uongo mtupu. Huku mjini nina gari, na Kamene alingoja gari la watu barabarani, na bado yeye ndiye alikuwa karibu. Wewe hukuangalia ramani. Ulishanipigia hodi mara nyingi utotoni ukajua muda ninaochukua. Ulipovunja kile kikombe. Ulipopata alama mbaya za hesabu. Ulipoleta ile habari ya Polandi. Kila mara niliitika, sikatai, nilikuja na nilitengeneza. Lakini kabla ya kuitika nilikuwa na langu la kusema, na la kusema likishapata wasikilizaji haliishi haraka. Ulinipima, ukaamua kuniwekea uongo mzuri ili nisiaibike, ukiwa na mshono mbichi tumboni. Mimi nikaenda kumfokea msichana wa watu.

Nimewadharau watu maisha yangu yote, Zuhura, na wengi wanastahili. Yule wa rauta anastahili. Yule wa "kuna ingine" anastahili sana. Twaha nisimtaje tena, wino ni wa kununua. Lakini nikikaa nikatazama, dharau yangu haikuwahi kuwapunguza hao chochote. Twaha anazidi kunenepa. Wanaoisikia ni walio ndani ya nyumba, kwa sababu ndio wanaosimama karibu nami kila siku. Mwalimu Kioko aliacha kunieleza shida zake, siku hizi akipata tatizo anamwambia mama yako na mama yako ananiambia. Sikuwa nimelitambua hilo mpaka juzi. Na mama yako naye, kabla ya kuniambia, anangoja nishibe.

Sikuombi uwe mwema huko uendako. Wema wa ofisini naujua, unaisha saa ya chai. Nakuomba neno moja la kazi. Siku moja atakupigia mtu, au atakuandikia, aseme yuko mahali fulani, na ramani yenu itasema yuko kwingine. Atakuwa amekasirika, na huenda atakutukana kama nilivyomtukana yule mstaarabu. Mwamini yeye aliyesimama. Ramani ilitengenezwa na mtu aliyekuwa anawahi kwenda nyumbani. Kabla hujamuuliza kama amezima na kuwasha, tuma hodi wewe mwenyewe, uone. Ukishindwa kumsaidia, angalau usimuulize kama kuna lingine.

Na neno jingine ni la kwangu, halina kazi ndani yake. Ile namba ya Twaha niliyokuandikia kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mfuniko wa sanduku, nimeibandua leo asubuhi mama yako alipokwenda kuoga. Ukitaka kumsalimia utaipata, dunia haijaishiwa namba. Lakini sikupeleki tena kwa mtu kwa sababu ameandikwa karibu. Huko utafahamiana na watu, wengine wa rangi zote na dini zote, na mmoja wao atakuwa anaitika upesi. Huyo mshike, hata kama ni mpika chai, hata kama mimi nikimwona nitamkuta na kasoro. Nitamkuta nazo, hilo usiwe na shaka.

Mimi niko hapa Machakos, mtaa ule ule, na kutoka Dublin ni mbali kwa kila ramani. Nimetazama. Lakini wewe mwenyewe ulinifundisha, ukiwa na maganda ya njugu mapajani, kwamba umbali si huo. Nataka kujaribu kuwa karibu. Sijui kama naweza, maana ulimi huu nimeunoa tangu nikiwa kijana na unaingia kazini kabla yangu. Naona hata hii barua, iliyokuwa ya kuomba radhi, nusu yake nimewasema watu. Sikuifuta. Ukiisoma huko ukasikia sauti yangu halisi, angalau utajua ni mimi niliyeiandika.

Neno radhi lenyewe sijaliandika bado. Nisamehe, mwanangu. Nisamehe kwa hospitali na kwa kreti na kwa kicheko cha kinyozi. Nilikuwa mbali sana, na nilikuwa chumba cha pili.

Simu imelia tena. Ni wewe. Nilikuwa na la kusema, lilikuja lenyewe mdomoni, zuri kabisa, ungelicheka. Nikalimeza. Nikasema, "Naam, mama."

Nikangoja. Nikasikia shangazi yako nyuma yako akiutetea ule unga wa wimbi. Nilidhani utasema hakuna, basi tu, na ukate kama mwanzo. Kisha ukasema kwa sauti ambayo sijaisikia tangu ukiwa mdogo, "Baba, naogopa."

Sasa najua ulitaka kusema nini mara ya kwanza. Sikukuuliza unaogopa nini. Nimesema nakuja, na mistari hii ya mwisho naiandika nimesimama, funguo mkononi. Barua nitaitia sandukuni kabla halijafungwa, juu ya unga. Kinyozi ananiuliza mbona nafunga mapema leo, nami sina muda wa kumjibu.

Baba yako,
Athumani